Wajitoleao Mlimani Wafundishwe na Nani?



Siku hizi vikundi vingi vya vijana, vya makanisa na vya shule, na hata watoto wetu sisi watu wa reli, huenda milimani siku ya Jumamosi kutengeneza njia za miguu. Hawalipwi. Wapewa jembe na chupa ya maji, kisha waambiwa, "Haya, tengenezeni." Jioni picha hupigwa na kila mtu hurudi kwao. Mvua ya kwanza ikinyesha, kazi yote hushuka mtoni.

Sisi wa gengi la njia hatuwezi kulinyamazia jambo hili. Njia ni njia. Iwe ya chuma au ya udongo, adui yake ni mmoja, naye ni maji. Maneno yetu ni haya: mtu asiyelipwa ana haki ya kufundishwa kazi sawasawa na yule alipwaye. Na mwalimu wake mlimani yafaa awe mpagazi au kiongozi wa wapanda mlima, aipitaye njia ile kila juma, naye alipwe ujira wa siku hiyo ya kufundisha.

Tuchukue Mlima Kenya, kwa kuwa reli yetu ya Nanyuki, iliyofufuliwa mwaka 2020, yapita chini yake. Kutoka Naro Moru iko njia ya kupanda mlima. Gari laweza kufika mpaka penye kituo cha hali ya hewa, kama mita 3,000 juu ya bahari. Kutoka hapo ni miguu. Ukiisha kuupita msitu waingia mahali pa wazi, penye mwinuko na tope pamoja, na wapandaji wa Kizungu wamepaita kinamasi kilichosimama wima. Kila apitaye hapo hukwepa tope na kukanyaga majani ya kando. Ajaye nyuma yake hukuta kando nako kumekuwa tope, akwepa mbali zaidi. Hivyo njia ya mtu mmoja huwa pana kama ya watu kumi, na huko juu kwenye baridi ya kila usiku majani huota polepole mno.

Sasa mleteni kijana mgeni mahali kama hapo. Ataona tope, naye atasema, "Tulete udongo tujaze." Hatumcheki. Kibarua mpya wa reli husema vivyo hivyo. Akiona mahali ambapo gari la moshi likipita mataruma yanacheza na tope linaruka, hukimbilia kokoto. Nyapara anayejua kazi haendi kwenye kokoto kwanza. Hupanda juu ya ukingo, akatazama mtaro wa nyuma, akakuta umezibwa na majani au na udongo ulioporomoka futi 50 kutoka pale penye tope. Hapo ndipo jembe hushuka. Kokoto ikimwagwa kabla ya mtaro kuzibuliwa, itamezwa, na mwezi ujao gengi litarudi palepale. Yule mjenzi wa mchangani tuliyesomewa shuleni misheni hakukosa bidii. Alikosa kutazama mahali.

Kwa hiyo twashauri siku ya kwanza isiwe na jembe hata moja. Wanafunzi watembee na mwalimu wao, na ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, maana siku ya jua njia husema uwongo. Kila penye ubaya waulizwe: maji haya yametoka wapi, na ni kitu gani kinachoyazuia yasitoke? Mara nyingi watakuta kwamba miguu ya watu imeshindilia katikati ya njia na kuinua kijituta upande wa bondeni. Njia imekuwa mfereji. Dawa yake si kujaza katikati, bali kukikata kile kijituta na kuuacha uso wa njia uelemee kidogo bondeni: kwa upana wa futi 3, inchi 2 zatosha. Maji yatavuka njia na kwenda zake badala ya kuifuata.

Kisha waonyeshwe gogo au mstari wa mawe uliowekwa kukinga maji. Ukilazwa kukata njia moja kwa moja, maji hupoteza mwendo, mchanga hutua nyuma yake, na baada ya mvua chache umezikwa. Yafaa ulazwe mshazari, nyuzi 45 hivi, na mdomo wa kutokea uwe mpana. Hata hivyo gogo huoza, na watu huchoka kuliruka wakalizunguka. Mahali pengi bonde dogo la udongo lililokatwa vizuri hudumu kuliko gogo, nalo halidai misumari.

Tena waambiwe ukweli kwamba ziko njia zisizotengenezeka. Mafundi wa njia za mlimani wana kanuni: ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa mteremko inaoukata. Njia iteremkayo wima kama ngazi, maji hayana pa kutokea, hata ukiweka magogo mia. Hiyo ni ya kuhamishwa, na uamuzi huo ni wa wenye hifadhi, si wa kikundi cha Jumamosi. Wala si kila tope ni la kuchimbiwa mtaro. Kinamasi cha Naro Moru huishi kwa maji yake, ukikikausha umekiua. Pale mtu huinua njia kwa mawe au mbao, apite juu.

Amerika iko njia ndefu ya Appalachian, zaidi ya maili 2,000 kutoka Georgia hadi Maine, iliyotimizwa mwaka 1937. Sehemu kubwa ya utunzaji wake hufanywa na watu wa kujitolea, katika vyama kama 30, na kila chama kina kipande chake. Sisi tumezoea jambo hilo: gengi lina maili zake, na likiharibika jambo katika maili hizo hakuna wa kumsingizia. Mwenye kuja mara moja na kuondoka hawezi kujua kama mtaro aliochimba ulifanya kazi. Apewe kipande, hata yadi 200, arudi kukitazama baada ya mvua. Huo ndio mtihani.

Wako ndugu katika chama wanaosema wajitoleao wafukuzwe, kwa sababu wanakula kazi ya vibarua. Hofu yao ina msingi. Tumekwisha kuona mahali ambapo kazi ya mshahara iligeuzwa kuwa ya "moyo wa kupenda". Lakini kuwafukuza si dawa. Mpaka uwekwe wazi: madaraja, mawe makubwa na misumeno ya moto ni kazi ya walipwao. Kuzibua mitaro, kukata vichaka, kuziba njia za mkato na kupeleka habari za uharibifu, hizo wajitoleao waweza.

Liko na jambo la kuumia. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini yamtazama mwajiriwa. Kijana asiye na mkataba, sururu ikimwangukia mguuni kwenye mita 3,500, nani atamteremsha, na nani atalipa hospitali? Jibu hilo litolewe chini, kabla ya kupanda. Viatu vigumu na glavu viwepo, na mwenye sururu asikaribiwe chini ya futi 10.

Basi twawaomba makatibu wa matawi: mkiletewa barua ya kuomba vijana wetu, msitie sahihi kabla ya kuuliza nani atafundisha, mpagazi atalipwa kiasi gani, na nani atakayebeba sanduku la dawa. Mvua za vuli huanza Oktoba. Siku hizo ndizo za kuwapeleka kutazama, hata kama ni kwa saa mbili tu na makoti ya mvua.