Mizani ya Vurra: Maisha ya Uganda na ya Kongo Yaonekanavyo Kutoka Ajia

Mtu aifuataye barabara itokayo Arua kwenda kusini, akaipita hospitali ya Kuluva na kuufikia mpaka wa Vurra, husimama juu ya mgongo wa ardhi uliowaonyesha wakoloni pa kupitisha mstari wao. Maana mvua inyeshayo mashariki ya mgongo huo huteremka kwenye Nili na kuelekea Misri, na ile inyeshayo hatua chache magharibi yake hushika mito ya Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Kuyagawa maji kwa kanuni hiyo kulikuwa rahisi. Kuwagawa watu hakukuwezekana, kwa sababu Walugbara walikuwa na mashamba, makaburi na wakwe pande zote mbili kabla mpima ardhi wa kwanza hajafika, na hata leo aghalabu ya jamaa za Ajia, kwetu upande wa Uganda, zina ndugu huko Aru, upande wa Kongo.

Kwa hiyo anayetaka kuyalinganisha maisha ya Uganda na ya Kongo hana haja ya kwenda Kampala wala Kinshasa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya maendeleo ya binadamu, kwa hesabu za mwaka 2022, iliiweka Uganda katika nafasi ya 159 na Kongo katika nafasi ya 180 miongoni mwa nchi 193. Siipingi. Lakini kwetu sisi jambo hilo lilikwisha kusemwa na miguu ya watu siku nyingi kabla ya kuandikwa: mwanamke aamkaye alfajiri upande wa Aru na mtoto mwenye homa mgongoni, apitaye Vurra kutafuta daktari upande huu, mtoto wa Kikongo alalaye kwa shangazi yake Uganda ili asome, mfanyabiashara wa Ariwara, upande uleule wa Kongo, ahesabuye mtaji wake kwa shilingi za Uganda au kwa dola, ilhali nchi yake ina sarafu yake yenyewe.

Sababu za mwendo huo zinajulikana. Mwaka 1997 Uganda iliondoa ada katika shule za msingi, na mwaka 2001 ikaondoa malipo katika zahanati na hospitali za serikali. Katika miaka hiyohiyo mishahara ya walimu wa Kongo ilikuwa imekwisha kuporomoka pamoja na dola ya Mobutu, hata wazazi, wengi wao wakulima wasio na kitu, wakawa ndio wanaomlisha mwalimu kwa michango yao, na asiyechanga mwanawe akarudishwa nyumbani; mpaka mwaka 2019 ndipo serikali ya Kinshasa ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo. Tofauti ya zaidi ya miaka ishirini katika umri wa mtoto si jambo dogo. Ni ujana mzima uliopita bila kalamu.

Hata hivyo sipendi kuisifu nchi yangu zaidi ya inavyostahili. Zahanati zetu hazitozi, lakini mara nyingi mgonjwa hupewa karatasi badala ya dawa na kuambiwa akanunue dukani. Na umeme wa taifa ulituacha gizani kwa muda mrefu, tukitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 2012. Tena si kila neema imo upande huu. Mawese, mbao na maharagwe tunayonunua Arua mengi hutoka ng'ambo, na vitenge vizuri vya wake zetu vimepitia Ariwara. Hata petroli, zamani za vijana wa Arua waliojiita OPEC, ilikuwa ikitoka huko kwa madumu. Ardhi ya Kongo haikunyimwa kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Siku hizi nasikia vijana wetu, wa Ajia na wa Koboko pia, wakimtaja Mkongo kwa dharau, kana kwamba dhiki ni tabia ya kabila na raha ni urithi wa baba zao. Hawajui kwamba babu zao walikuwa raia wa mfalme yuleyule aliyeitawala Kongo. Tangu mwaka 1894 nchi yetu hii, kwa jina la Lado, ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909 ikarejeshwa Sudan, na mwaka 1914 ndipo sehemu yake ya kusini ilipotiwa katika Uganda. Lau karatasi zile zingeandikwa vingine, Ajia leo ingekuwa nafasi ya 180 pamoja na Aru.

Wala hawajui habari za mwaka 1980. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan mwezi wa Juni mwaka uliotangulia, na utawala wa Idi Amin ukawa umekwisha. Kisha Oktoba 1980 askari wake wa zamani wakarudi kushambulia, na jeshi la serikali mpya likalipiza kisasi kwa raia. Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa humohumo. Watu wa West Nile, eneo letu hili, wakavuka mpaka kwa maelfu, nami nilikuwa mtoto mdogo miongoni mwao. Zaire ya wakati ule, ndiyo Kongo ya leo, haikuwa tajiri, lakini hatukuulizwa vyeti. Mama mmoja wa kule, ambaye hakuwa na ukoo nasi, alimpa mama yangu kipande cha shamba na miche ya mihogo, akatuonyesha chemchemi. Na kwa miaka kadhaa enyasa, yaani ugali wetu, tuliyokula ilikuwa ya shamba hilo.

Kilichobadilika tangu hapo si damu ya watu wala rutuba ya udongo. Upande huu tulipata amani na serikali inayofika, japo kwa kuchechemea, mpaka kijijini. Upande ule, tangu Mei 2021, jimbo zima la Ituri, ambamo Aru imo, liko chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya wanamgambo wanaochinja watu na kuchoma vijiji. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mwanamke wa Aru avukaye na kapu la maharagwe bado hutozwa njiani fedha zisizo na risiti.

Nawaomba walimu wakuu wa shule za mpakani wasimrudishe mtoto kwa sababu ya lafudhi yake, na wauguzi wasianze kwa kuuliza kitambulisho mtoto anapotetemeka kwa homa. Nawaomba wakubwa wa wilaya wakomeshe tozo hizo za njiani. Wana wa mama yule aliyetupa shamba bado wako hai, mwendo wa asubuhi moja kutoka Vurra, na mwaka jana walitujia na mgonjwa.