Mtoto Mmoja, Mawasii Kumi

Ndugu msomaji, nakuandikia kutoka Majengo ya Dodoma. Ni mbali na bahari, lakini ukifika huku hutapotea. Nyumba ni zile zile za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, baraza ziko mbele, na alasiri utasikia watoto wa chuo wakisoma kwa pamoja kama usikiavyo Tanga au Bagamoyo. Njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikata nchi hii ya Ugogo, na watu wetu walipita nayo. Sasa hapa ndipo makao makuu ya nchi. Iliamuliwa hivyo mwaka 1973, jambo likangoja miaka mingi, hata mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli kweli, na leo wizara zimejengewa mji wao mzima kule Mtumba. Basi wenye mamlaka juu ya watoto wa nchi hii ni majirani zangu, na jirani huulizwa. Mimi nauliza: mbona mtoto anayebeba mizigo katika soko la Majengo hana hata mmoja wao amjuaye kwa jina?

Hebu tuwahesabu majirani hao. Mtoto akizaliwa, cheti chake hutolewa na RITA, na RITA iko chini ya wizara ya Katiba na Sheria. Akiugua ni wa wizara ya Afya. Akifika umri wa kusoma, mtaala ni wa wizara ya Elimu, lakini shule anayokwenda na mwalimu anayemfundisha wako mikononi mwa TAMISEMI. Haki zake na malezi yake ni ya wizara ya Maendeleo ya Jamii. Ila afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye apasaye kumfikia mtaani, ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri ni ya TAMISEMI tena. Akipigwa au akinajisiwa, Dawati la Jinsia na Watoto ni la polisi, na polisi ni wa Mambo ya Ndani. Akishitakiwa, yuko mbele ya Mahakama ya Watoto. Akitaka kujifunza ufundi, ataelekezwa VETA. Akitafuta kazi, kwa miaka mingi mambo ya vijana yalikuwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, mpaka Novemba 2025, baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba na damu iliyomwagika, ndipo vijana wakapewa wizara yao ndani ya Ofisi ya Rais.

Wala usidhani mipaka yao ni ya wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ikasema kijana ni wa kuanzia miaka 15 hadi 35. Basi mvulana wa miaka 16 ni mtoto kwa ofisi hii na ni kijana kwa ofisi ile. Ungetaraji apate huduma mara mbili. La hasha! Aghlabu hukosa zote mbili, kwa kuwa kila ofisi humwona ni wa mwenzake.

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu, na ofisi sitazitaja. Mtoto wa miaka kama kumi na miwili alikuja mjini kutoka vijijini mwaka wa njaa, akawa analala kwenye vibanda vya sokoni. Mama mmoja muuza mboga akampokea nyumbani kwake, akataka aanze shule. Shuleni wakauliza karatasi zake. Penye kutolewa karatasi wakataka barua ya kijiji alikozaliwa. Kijiji mtoto anakijua kwa jina la mlima tu. Afisa wa kumsaidia alikuwa mmoja kwa kata zaidi ya moja, na siku ile yuko semina. Yule mama alifunga meza yake ya mboga siku nne kwa kuhangaika, na siku nne kwa mchuuzi ni mtaji. Siku ya tano mtoto akapanda lori la mahindi, akaenda Dar es Salaam. Hakuna ofisi hata moja iliyokuwa na kosa! Kila mmoja alifanya la kwake kama lilivyoandikwa. Na mtoto akapotea.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Sharia yetu haikumwacha yatima kwa watu wote, kwa sababu aliyeachiwa watu wote hana mtu. Imemweka wasii, mtu mmoja ajulikanaye. Na katika Surat An-Nisaa wasii huyo ameamrishwa amjaribu yatima hata afike umri, kisha amkabidhi mali yake mbele ya mashahidi. Tazama, msomaji: kuna mtu, kuna wakati, na kuna hesabu inayotolewa mbele ya watu. Ukiondoa kimoja katika hivyo vitatu, uwasii umevunjika. Mtoto wetu wa leo ana mawasii kumi, na hakuna hata mmoja anayetoa hesabu yake nzima.

Haki isemwe: serikali imeliona jambo hili. Utafiti wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wasichana karibu watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Ilikuwa habari ya kutisha, na haikufichwa. Kisha ukaja mpango wa taifa uitwao MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ukaikusanya mipango minane iliyokuwa imetawanyika ikawa mmoja. Chini yake zikawekwa Kamati za Ulinzi na Usalama wa Wanawake na Watoto, tangu taifa, mkoa, halmashauri na kata, hadi kijiji na mtaa. Mwezi Desemba 2021 ikazinduliwa papa hapa Dodoma programu nyingine ya malezi ya watoto wadogo, nayo kazi yake kubwa ni kuzikutanisha wizara. Karatasi si haba.

Lakini tazama lililowapata vijana. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania, ili vijana wawe na chombo cha kuishauri serikali. Mwaka 2025 ukaingia, miaka kumi kamili, na baraza lenyewe lilikuwa halijakaa. Aliyekuwa na miaka 26 sheria ilipopita, alikuwa amekwisha kuutoka ujana bado anasubiri! Katikati ya miaka hiyo, Aprili 2023, ikasimamishwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, ikarudi mwaka 2024. Pengine kulikuwa na sababu nzuri ya kuisimamisha, maana fedha nyingi hazikuwa zikirudishwa. Ila nauliza: ni baraza gani la vijana lililoulizwa? Lililowekwa na sheria halikuwapo. Na anayejidai kushangaa kwamba vijana husemea barabarani, kwanza atuonyeshe mlango waliopewa wa kuingilia.

Si kwamba haiwezekani. Zanzibar walitunga sheria ya baraza lao la vijana mwaka 2013, na mabaraza yakashuka hadi shehia. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, waliunda Baraza la Taifa la Huduma za Watoto, wakaziketisha wizara pamoja na wawakilishi wa dini na wa mashirika, na sheria mpya ya mwaka 2022 ikalibakisha baraza hilo. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wanajua kwamba hata huko watoto wangali wanalala mitaani. Sisemi kuwa baraza ni dawa ya kila ugonjwa. Nasema wao walau wanajua mlango wa kugonga.

Sasa wako watakaonijibu: "Sheikh, tume za nini tena? Nchi imejaa tume na posho zake." Kwa hili nusu niko nao. Tume ya ushauri ambayo ushauri wake waweza kuwekwa kabatini bila ya kujibiwa ni mkeka wa kukalia, haina faida kwa mtoto. Kama twataka chombo, sheria imlazimishe waziri kuujibu ushauri wake kwa maandishi, kwa muda uliotajwa, na akiukataa aseme sababu mbele ya Bunge. Fungu lake lisitegemee wafadhili wa nje, ambao wakiondoka kamati nayo huondoka. Na kila mtoto aliyeandikwa kuwa yuko hatarini awe na afisa mmoja, kwa jina, atakayeulizwa habari zake hata kama shida yenyewe ni ya wizara nyingine. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwani wakubwa kukutana Mtumba si kazi ngumu. Kazi ni barua yao kuvuka barabara ikafika kwenye kile kibanda cha soko.

Katika sira imesimuliwa habari ya Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa amepanga kuwapa posho watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia mtoto analia bila kunyamaza; akamuuliza mama yake, naye, asiyejua anasema na nani, akamwambia kwamba anamwachisha kabla ya wakati ili apate posho ya Umar. Umar akalia, na kulipokucha akaagiza posho ihesabiwe tangu mtoto anapozaliwa. Kanuni yake ilikuwa na nia njema, na ilikuwa inaumiza watoto wachanga. Naye asingelijua hilo kwa kukaa ofisini. Halafu angalia upesi wa kubadilisha: usiku mmoja. Sisi miaka kumi.

Lakini nisiwasomee serikali peke yao. Katika zile kamati za mtaa na za kata, viongozi wa dini wamewekewa nafasi. Nani amekaa katika nafasi yetu? Kuna misikiti ambayo imamu wake hajawahi kusikia kwamba kamati ipo. Kuna mingine ambayo barua ilikuja, ikaonekana ni mambo ya kizungu, ikawekwa. Na kuna baya zaidi. Mtoto akidhulumiwa nyumbani, au, astaghfirullah, ndani ya chuo, wazee hukusanyika wakasema "tulimalize wenyewe, tusitiri." Sitara ni kwa aibu ya mtu baina yake na Mola wake. Mtoto aliyenajisiwa ana haki iliyochukuliwa, na anayeificha amemsitiri mwizi. Hata sheria ya nchi, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, imemwajibisha kila mwenye habari ya mtoto anayevunjiwa haki kuipeleka serikali ya mtaa. Na kifungu cha 94 kimeipa halmashauri wajibu wa kumlinda kila mtoto aliye katika eneo lake, awe mzaliwa wa hapo au ameshuka na lori jana. Basi tukiwadai wao cha 94 ilhali sisi twakikimbia cha 95, watatucheka, na watakuwa na haki.

Kwa hiyo Ijumaa hii, ukitoka msikitini, muulize imamu wako kama anajua jina la afisa ustawi wa jamii wa kata yenu. Kisha Jumatatu pita ofisi ya mtendaji, useme unataka kujua kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wako ilikaa lini mara ya mwisho, na nani aliwakilisha msikiti. Omba kitabu cha kumbukumbu, ukitazame kwa macho yako.