Usimsubiri Kafili, Piga 997

Tukikutana Waswahili wa huku, haikosi mtu kulalamika kuwa ambulensi zinachelewa. Sikatai. Foleni ya Barabara ya Mfalme Fahd pale Riyadh naijua, na vichochoro vya Al-Balad hapa Jeddah gari halipiti. Februari 2014 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, Riyadh, alifariki kwa maradhi ya moyo, na wenzake wakasema wahudumu wanaume walicheleweshwa kuingia. Chuo kilikanusha.

Lakini mimi nesi, niliyesomea nyumbani na kisha ughaibuni, nasema wazi: kwetu sisi wageni muda mwingi hupotea kabla simu haijapigwa.

Nilimpokea dada mmoja wa kazi za ndani saa mbili asubuhi. Mdomo wake ulipinda tangu saa nne usiku. Mwenzake alimpigia kwanza kafili, hakupokea. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp, akashauriwa maji ya uvuguvugu na dua. Dua ni njema, nami huomba. Ila dawa ya kuyeyusha donge la damu kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hapo yalikuwa yamepita masaa kumi. Mkono wake wa kulia leo haushiki hata kikombe.

Basi mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, piga 997 ya Hilali Nyekundu. Namba 911 nayo inapokelewa Riyadh na Jeddah. Kafili apigiwe baadaye, hata akinuna. Kama iqama imekwisha muda, hofu yako naielewa, lakini piga hivyo hivyo.

Utaulizwa uko wapi. "Nyumba ya njano nyuma ya msikiti" haitoshi, misikiti ni mingi! Kila nyumba ina Anwani ya Kitaifa, na kifupi chake ni herufi nne na tarakimu nne. Iombe leo kwa mama mwenye nyumba, ibandike kwenye friji.

Mtu akianguka na hapumui, mmoja apige simu, mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wahudumu wafike. Wa tatu ashuke getini awapungie mkono, maana mlinzi mara nyingi amelala.