Elimu Mjumuisho na Skuli za Maandalizi za Kiislamu Zanzibar

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima na kuitambua elimu mjumuisho. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Katika nyaraka, basi, haki ya mtoto mwenye mahitaji maalumu imekwisha kuandikwa. Hata hivyo, kwa watoto wasio haba wa Unguja na Pemba, mlango wa kwanza wa darasa haumilikiwi na Serikali. Ni mlango wa skuli ya maandalizi iliyoanzishwa na jamii, ubavuni mwa msikiti au chuo cha Kurani.

Skuli hizo zina historia yake. Mpango wa madrasa za awali ulianza Mombasa katika miaka ya 1980, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kumwomba Aga Khan msaada, na ukafika Zanzibar mwaka 1990. Ulichanganya mafunzo ya dini na kujifunza kwa michezo, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana mtaani kama vifuu, kombe na visoda.

Mtindo huo unamfaa mtoto mwenye uoni hafifu, kwani huhesabu vifuu kwa vidole sawa na wenzake. Kusoma kwa kusikiliza na kurudia nako kumewawezesha wasioona kuhifadhi Kurani kwa karne nyingi. Lakini utaratibu huo huo humwacha nje mtoto kiziwi. Hukaa nyuma, hufungua mdomo wenzake wanapofungua, na mwalimu humhesabu kuwa ni mtoto mtulivu. Anaweza kumaliza mwaka bila ya yeyote kugundua kuwa hasikii, na huo ndio umri ambao lugha hujengeka. Mwaka huo haurudi.

Wapo wanaoliona suala hili kuwa la huruma tu. Sura ya Abasa inatosha kuwajibu: Mtume (S.A.W.) alikumbushwa asimgeuzie uso kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Kipofu huyo, Ibn Umm Maktum, baadaye alikuwa mwadhini wa Madina.

Ugumu uko kwenye uwezo. Kamati ya skuli inayoendeshwa kwa ada ndogo inaweza kumwita fundi akajenga mteremko wa saruji mahali penye ngazi, na choo kikapanuliwa kwa nguvu za wazazi. Haiwezi, hata ikitaka, kumsomesha mwalimu lugha ya alama. Hapo ndipo mkono wa Serikali unapohitajika zaidi: mafunzo yasiishie kwa walimu wa skuli zake, na upimaji wa macho na masikio ufanyike wakati wa uandikishaji, hata kama skuli ni ya jamii.

Mzazi naye ana sehemu yake. Anapomwandikisha mtoto, amweleze mwalimu hali yake yote bila ya kuona haya, kwa kuwa mtoto aliyefichwa ndani hahesabiwi katika mpango wowote.