Maneno ya Kiingereza: "Fail" na Jamaa Zake

Neno "fail" hufasiriwa "kushindwa", na hapo ndipo wengi wapoteapo. Mtu aliyeshindwa amejaribu, akazidiwa. Lakini mkopeshaji amwandikiapo mkulima ya kwamba "you have failed to pay", hamwonei huruma hata kidogo. Asema tu ya kuwa siku imepita na fedha hazikuletwa. Kama mkulima alijaribu au hakujaribu, neno lenyewe halisemi. Basi mkulima akijibu "Yes, I failed", akidhani amejitetea, kumbe amekiri. Aliyezidiwa na aandike "I was unable to pay", kisha ataje kilichomzuia.

"Neglect" ni kali zaidi: uliweza, lakini hukuujali wajibu wako. Karani asilitie neno hilo katika barua juu ya mwenziwe pasipo ushahidi. "Omit" ni jepesi, ni kuacha jambo, pengine kwa kusahau tu. "Default" ni neno la mikopo na mahakama, yaani kutotimiza sharti kwa siku yake. Nalo ni ndugu wa "fail", kwani yote mawili yalitoka katika Kifaransa cha kale, na asili yao ni neno la Kilatini lenye maana ya kudanganya.

Hata hivyo "fail" si lawama siku zote. Waingereza wakisema "the rains failed", mvua haikunyesha, basi, hakuna ashitakiwaye. Mkulima aliyekosa mavuno kwa ajili hiyo aweza kuliandika bila hofu, hata katika barua ile ile ya deni.