TAHARIRI: Habari za maradhi ya Ruvuma ziandikwe, zisomwe ng'ambo zote mbili

Mto Ruvuma haujawahi kuwatenga watu wa Mtwara na wa Palma. Kati ya Kilambo upande wa Tanzania na Namoto upande wa Msumbiji wanapita wenye vitenge, wenye mchele, wenye samaki wakavu na wenye ndugu wa kutembelea. Pwani ya Tungue, ambayo leo imo katika wilaya ya Palma, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1887, na Kiswahili bado kinasikika sokoni huko. Maradhi nayo huvuka bila kuonyesha pasi. Kisichovuka kwa urahisi ni maandishi juu ya maradhi hayo.

Tabibu wa zahanati ya mpakani anapoona homa asiyoizoea, huiandika kwenye rejista na kutuma ripoti wilayani. Ripoti ya Palma inapanda kuelekea Maputo, ya Mtwara inapanda kuelekea Dodoma, na mara nyingi tabibu wa upande mmoja haoni alichokiandika mwenzake wa pili. Makala katika jarida la tiba ni hati ya namna nyingine. Ikishachapishwa, daktari wa nchi yoyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa ya wizara. Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la wasomi peke yao, yaani namna ya kuandaa muswada wa jarida la kisayansi, linamhusu pia mchuuzi ambaye kesho anaweza kuambiwa kwamba mpaka umefungwa kwa sababu ya mlipuko.

Ukanda huu una mfano wake wa kujivunia. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo katika uwanda wa Makonde, Newala na Masasi, kusini mwa Tanganyika. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde linalomwelezea mtu aliyepinda kwa maumivu. Habari yake haikuandikwa katika muswada mmoja. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha dalili alizoziona kwa wagonjwa, kwa kurasa tano tu. W. H. R. Lumsden alifuatia katika jarida hilohilo la London kwa kurasa 25 juu ya kuenea kwa ugonjwa. Maji yalikuwa ya shida uwandani, watu waliyahifadhi majumbani, na mbu aina ya Aedes aegypti walizaliana humo. Mwaka 1956 R. W. Ross akachapisha makala ya tatu, katika jarida jingine, juu ya kirusi chenyewe.

Zilikuwa makala tatu za aina tatu, na kila moja ilijibu swali lake. Ugonjwa huo ulipolipuka Lamu mwaka 2004, ukafika Mombasa, kisha Komoro na kisiwa cha Réunion, madaktari hawakuanza na karatasi tupu. Mpaka leo dunia nzima inauita kwa jina la Kimakonde, kwa sababu kuna aliyelisikia kwa wagonjwa akaliandika.

Upande wa Msumbiji pia uliandika. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu elfu moja katika mkoa wa Nampula walipooza miguu ghafla. Wizara ya Afya ya Msumbiji ilichapisha uchunguzi wake mwaka 1984 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, kwa makala mbili. Ya kwanza ilihusu wagonjwa na ya pili ilihusu chakula. Chanzo kilikuwa sumu ya sianidi iliyobaki katika mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, kwa kuwa watu wenye njaa hawakuwa na siku za kusubiri. Kwa anayenunua makopa upande mmoja wa mpaka na kuyauza upande wa pili, habari hiyo ina uzito kuliko bei ya siku.

Lakini kasi na lugha vimebaki kuwa tatizo. Mwaka 2014 homa ya dengue ililipuka Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikalipuka Pemba ya Cabo Delgado na Nampula. Makala iliyoeleza mlipuko wa Msumbiji ilitoka mwaka 2016, katika jarida la Marekani, kwa Kiingereza. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini muuguzi wa Palma anayesoma Kireno alihitaji kuvuka Atlantiki na lugha ya kigeni ili kujua kilichotokea katika mkoa wake mwenyewe.

Dawa mojawapo ipo tayari katika majarida yenyewe. Wafanyabiashara wanajua kwamba mwenye lori na mwenye kapu hawajazi fomu moja. Katika Afrika Mashariki mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 hupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Majarida ya tiba nayo yana mlango mkubwa na midogo. Mlango mkubwa ni makala ya utafiti, yenye utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, pamoja na muhtasari ambao kwa kawaida hauzidi maneno 250 au 300. Makala ya mapitio hukusanya na kupima tafiti za wengine. Hizo zinataka muda, maktaba na mtaalamu wa takwimu, vitu ambavyo kituo cha afya cha mpakani hakina. Kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako vituo vingi viliharibiwa katika vita vilivyoanza mwaka 2017, kuvidai ni kuwafungia watu mlango.

Milango midogo ni mitatu. Taarifa ya kisa hueleza mgonjwa mmoja au wachache, yaani alivyofika, alivyopimwa, alivyotibiwa, alivyoishia na funzo lililopatikana. Taarifa fupi hutoa matokeo machache yasiyopaswa kusubiri. Barua kwa mhariri hujibu makala iliyotoka au hutoa tahadhari, mara nyingi kwa maneno mia chache. Tabibu mwenye rejista safi anaweza kuandika mojawapo ya hizi, hasa akishirikiana na mwenzake wa chuo kikuu au wa hospitali ya mkoa.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wawili au watatu hawathibitishi kitu. Ni kweli, na taarifa ya kisa haidai kuthibitisha. Inapiga hodi ili mwenye uwezo wa utafiti mkubwa afungue. Kosa ni kuifanya ibebe mzigo usio wake, kama vile kuona wasafiri watatu wenye homa kisha kuandika kwamba biashara ya mpakani ndiyo inayoeneza ugonjwa. Sentensi kama hiyo, isipokuwa na ushahidi, inaweza kufunga soko. Wahakiki wa jarida wana wajibu wa kuikata.

Kuna sharti jingine lisilolegezwa, nalo ni idhini ya mgonjwa. Katika mji mdogo kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika umri, mtaa na kwamba mgonjwa ni mchuuzi wa pweza aliyetoka ng'ambo wiki iliyopita, mji mzima umeshamjua, na wateja wake wameshamkimbia. Taarifa ya kisa iandikwe baada ya mgonjwa kuelezwa kwa lugha anayoielewa na kukubali kwa maandishi, na isiwe na jambo lisilosaidia funzo la kitabibu. Utafiti wenyewe uwe na kibali cha kamati ya maadili, na ukifanyika pande zote mbili za mto, upate kibali cha kila nchi.

Kuna mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Kwanza, majarida ya ukanda huu, likiwemo lile la Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yatenge nafasi ya kudumu kwa taarifa fupi na taarifa za visa kutoka vituo vya mipakani, na kuzihakiki kwa wiki badala ya miezi. Msumbiji si mwanachama wa Jumuiya, ila ugonjwa hausomi mikataba.

Pili, kila makala inayohusu maradhi ya mpakani iwe na muhtasari wa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019, na Tanzania na Msumbiji zote zimo humo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, inaweza kusaidia katika istilahi. Kwa pwani ya Tungue muhtasari wa Kireno uongezwe, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi na ya vyuo vya uuguzi.

Tatu, waandishi waelezwe habari ya ada mapema. Majarida mengi ya kimataifa hutoza mamia au maelfu ya dola kwa makala moja, lakini mengi husamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi maskini wakiomba. Asiyejua kuomba huacha muswada wake ndani ya kompyuta. Hospitali za mikoa ziwe na mtu mmoja wa kuwaongoza wenzake katika hilo na katika kuchagua aina ya muswada unaofaa.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo visikae pembeni. Waombe mihtasari hiyo ibandikwe penye vivuko na masoko, na wakubali kuulizwa maswali na watafiti pale wanapohakikishiwa siri yao. Mchuuzi wa Namoto ndiye huwa wa kwanza kuona kwamba wenzake watano wa gulioni wameshikwa na homa ya namna moja. Akimwambia tabibu, na tabibu akaandika, Mtwara itajua kabla mgonjwa wa sita hajapanda kivuko.