Mtoto ameanza kukaa, wateja wamepotea: unaanzia wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Meza yake ipo na mshahara unaingia.

Sasa mtazame mama anayejitegemea kwa taaluma yake. Yupo mhasibu wa Picha ya Ndege anayewatengenezea hesabu wenye maduka wa Maili Moja. Yupo mtaalamu wa mazoezi tiba anayewafuata nyumbani wagonjwa wa kiharusi, na wakili mwenye chumba kimoja cha ofisi Mlandizi. Hawa hakuna anayewapa likizo. Wanajipa wenyewe, na gharama yake haionekani siku ya kujifungua. Inaonekana mtoto akiwa na miezi sita au saba, siku mama anapofungua daftari na kukuta wateja waliokuwa tisa wamebaki wanne.

Kazi hizi zina tabia moja ambayo duka halina. Mwenye duka akifungua mlango, mpita njia anaona soda na sabuni, anaingia. Mhasibu hata akifungua mlango hakuna anayemwona. Kazi yake inakuja kwa sababu alimpigia mtu simu mwezi uliopita, alipita kumsalimia mwingine, alimkumbusha wa tatu tarehe ya kodi. Vitu vidogo hivyo vikisimama, kazi zilizokwishaanza huendelea kwa muda, kwa hiyo mtu hashtuki. Baadaye zinaisha na hakuna zinazofuata.

Kabla ya kuzungumzia wateja, niruhusu nizungumzie mwili, maana ndiyo kazi yangu na ndipo wengi wanapojihukumu bure.

Mama ambaye hajalala vizuri kwa miezi mitano, akishindwa kumpigia mteja, hujiita mvivu. Wakati mwingine ana upungufu wa damu, kitu kinachopimwa kwa tone la damu kidoleni. Wakati mwingine ni sonona baada ya kujifungua. Ukiona huzuni, kulia, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda au kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, hilo si suala la wateja. Nenda kituo cha afya, au Tumbi, useme wazi. Mahudhurio ya baada ya kujifungua yamepangwa hadi siku ya 42, lakini hakuna anayekukataza kurudi mwezi wa tano. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho, na usiende peke yako. Baba unayesoma hapa, mambo haya mara nyingi wewe ndiye utayaona kwanza.

Kama mwili uko sawa, au unaendelea kupona, tuzungumze kazi.

Mama mmoja mhasibu ninayemfahamu Kibaha alikaa miezi minane bila kumtafuta mteja yeyote. Kilichomzuia zaidi hakikuwa mtoto, ilikuwa aibu. Alijua wateja watamwambia amepotea, na kweli sisi huku neno hilo hatukosi kulisema. Kila wiki iliyopita iliongeza aibu, na aibu ikasogeza simu hadi wiki nyingine. Alipojikaza na kuanza kupiga, wenye maduka watatu walimweleza jambo moja: walijua ni mzazi, wakaona si adabu kumsumbua na risiti za mashine ya EFD wakati ana kichanga. Walikuwa wanasubiri yeye aseme yuko tayari. Mmoja alikuwa amechelewa kuwasilisha ritani kwa kumsubiri.

Yaani pande zote mbili zilikaa kimya kwa heshima! Nadhani hili linatokea mara nyingi kuliko tunavyodhani, hasa miji midogo ambako mteja ni jirani pia, na labda mkewe alikuja kukuona na kipande cha sabuni na khanga kabla ya arobaini. Ukimya wake usiusome kama kufukuzwa.

Watafiti watatu wa Marekani, Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan, waliandika mwaka 2011 juu ya watu waliowahi kufahamiana kikazi kisha wakapoteana kwa miaka. Waliwaomba mameneja wawatafute watu hao na kuwaomba ushauri wa kazi. Ushauri uliopatikana ulikuwa na manufaa makubwa, kwa sababu mtu aliyepotea amekutana na mambo mapya ambayo wewe hukuyaona, lakini imani ya zamani kati yenu haijafutika. Mameneja wa Marekani si wenye maduka wa Maili Moja, nakubali. Ila miezi minane ni kitu kidogo mbele ya miaka.

Ujumbe wa kwanza uweje? Mfupi, wenye salamu, na wenye jambo moja linalomhusu yeye. Kwa mteja aliyekuzidi umri unaweza kuandika hivi: "Shikamoo mama. Ni binti yako wa hesabu. Mimi na mtoto hatujambo, namshukuru Mungu. Nimerudi kazini tangu Jumatatu. Awamu ya kodi ya Septemba umeshaiandaa? Kama bado, Alhamisi asubuhi naweza kupita dukani." Hakuna maelezo marefu ya kwa nini ulipotea, wala kuomba radhi mara tatu. Kujifungua si kosa. Na usimtumie mtu huyo tangazo lenye picha na maua ulilowatumia wengine sitini. Watu wanajua ujumbe ulioandikiwa wao na ule uliosambazwa.

Angalia kwamba ujumbe ule una tarehe ndani yake. Kazi nyingi za kitaaluma zina kalenda, na kalenda inakupa sababu ya kupiga simu bila kuonekana unaomba. Mlipakodi ambaye mwaka wake wa hesabu ni Januari hadi Desemba analipa kwa awamu nne, mwisho Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Mwezi mmoja kabla ya kila tarehe, mhasibu ana jambo halali la kusema. Mwalimu wa tuisheni ana Januari shule zinapofunguliwa, na matokeo ya muhula. Anayefanya kazi na halmashauri ajue mwaka wao wa fedha unaanza Julai 1. Wakili na mtaalamu wa afya wasome kwanza kanuni za taaluma zao, maana zinabana matangazo ya kujitafutia wateja. Kwao njia ya kujulia hali na ya kupelekewa watu na wenzao ina uzito zaidi.

Kisarawe yupo kijana mmoja, mchoraji wa ramani za nyumba, baba wa watoto wawili. Yeye aliyemsimamisha ni mama yake, aliyeugua akahitaji mtu wa kumpeleka kliniki Dar es Salaam kila wiki. Mwaka karibu mzima hakumtafuta mtu. Alipoanza tena hakuwaendea wenye viwanja, aliwaendea mafundi ujenzi na wauza vifaa vya ujenzi, kwa kuwa mtu akitaka kujenga huwauliza hao kabla ya kujua kwamba anahitaji ramani. Alianza mwishoni mwa Mei, masika ikielekea kuisha, watu wakijiandaa kurudi saiti. Siku moja kwa wiki anakunywa chai na mafundi, leo Kisarawe mjini, wiki nyingine anashuka hadi Maneromango. Hana tangazo. Ana daftari lenye majina ya mafundi na ya watu waliowahi kumuuliza bei wakanyamaza.

Kundi hilo la mwisho, waliouliza bei wakanyamaza, wengi wetu tunalifuta. Mimi nisingelifuta. Mtu aliyeuliza bei alikuwa na shida ya kweli, na huenda shida ipo hadi leo.

Sasa namna ya kuifanya iwe desturi. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Wastani wa muda hadi tabia ijifanye yenyewe ulikuwa siku 66, lakini wengine walitumia siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Jambo ninalolipenda zaidi kwenye utafiti ule, kwa mzazi, ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mtoto akipata homa Jumanne ukashindwa kupiga simu, endelea Jumatano. Hakuna haja ya kusubiri mwezi mpya au mwaka mpya.

Tabia hizo pia zilifungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo kila siku. Kwa mzazi, saa ya ukutani haiaminiki. "Saa nne kamili asubuhi" ni ndoto. Usingizi wa kwanza wa mtoto unaaminika kidogo zaidi. Yule mhasibu wa Kibaha alijiwekea hivi: mtoto akilala asubuhi, Jumanne na Alhamisi, kabla ya kugusa vyombo, anawasiliana na mtu mmoja au wawili. Vyombo vinasubiri. Mama mkwe mwanzoni hakuelewa vyombo vinasubiri nini, na mume ndiye aliyemweleza. Huo nao ni mchango wa baba, tena hauna gharama.

Watu watatu kwa wiki wanatosha. Ni kama watu 150 kwa mwaka, na sidhani kama mtaalamu mmoja Kibaha nzima anahitaji zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba simu tatu hazionekani kama kazi, kwa hiyo mtu anakimbilia kutengeneza nembo mpya, kadi za biashara na ukurasa wa Instagram, anamaliza fedha na wiki tatu, na hajazungumza na mteja hata mmoja. Hivyo vyote vina siku yake. Siyo mwezi huu.

Ukianza kwenda kwa wateja, panga na maziwa. Mtoto chini ya miezi sita anastahili maziwa ya mama pekee, na baada ya hapo anaendelea kunyonya huku akila, hadi miaka miwili na zaidi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya jokofu kama joto halizidi nyuzi 25, na joto letu la Pwani Januari au Februari linapita hapo mapema. Yaweke kwenye jokofu, au kwenye kiboksi chenye barafu. Aliyejifungua kwa upasuaji na bado ana maumivu, safari ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi isubiri. Mteja wa mbali mfanyie kwa simu, akupigie picha za risiti.

Halafu kuna mteja aliyeshahamia kwa mtu mwingine. Yupo, usijidanganye. Yule mhasibu alikuta wawili. Hakuwalaumu wala kushusha bei ili warudi, jambo ambalo naona alifanya vizuri, maana bei ikishuka kwa mmoja, Maili Moja nzima itajua kabla ya magharibi. Aliwapongeza kwa kupata mtu, akawaambia yupo wakihitaji kitu kingine, na akayaacha majina yao kwenye daftari. Mmoja alimtuma shemeji yake, mwenye duka la dawa Kongowe, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumfungulia vitabu vya hesabu.